Kidichi Ilipokuwa Mbali

Mwambie kijana yeyote wa Mjini kwamba siku ya mapumziko unakwenda Kidichi, atakucheka mpaka machozi yamtoke. Kidichi? Hapo hapo juu ya Bububu, kwenye minazi na mikarafuu, mwendo wa nusu saa tu kwa daladala? Siku hizi mtu anayejua mambo anakwenda Nungwi, au Paje, au Kiwengwa. Huko ndiko kwenye mchanga mweupe, huko ndiko wanakoshukia wageni na masanduku yao ya magurudumu.

Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji. Mwaka 1850 mtu mwenye nguvu kuliko wote katika kisiwa hiki, Seyyid Said bin Sultan, alitaka kumjengea mkewe mahali pa kujipumzisha. Bibi mwenyewe alikuwa Shehrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi, si mtu wa kupelekwa popote pale. Sultani alikuwa na fedha, mafundi na majahazi. Na mchanga wa Paje ulikuwepo, mweupe vile vile. Hata hivyo hakwenda Paje wala Nungwi. Alijenga Kidichi, kiasi cha kilomita 11 kutoka mjini, akaweka hamamu yenye nakshi za maua, mitende na ndege ambayo mpaka leo imesimama. Kwa nini pale?

Jibu langu ni fupi: punda. Watu hawachagui mahali pa kupumzika kwa uzuri wake peke yake. Wanachagua kwa saa za njia. Uzuri unasema "njoo", lakini saa ndizo zinazosema "unaweza" au "huwezi". Na historia ya mapumziko katika Unguja, ukiisoma vizuri, ni historia ya vyombo vya safari. Kila kilipokuja chombo kipya, mahali pa kupumzikia palihama, na pale pa zamani pakaachiwa popo.

Punda na mashua

Chukua ramani uyatafute makasri ya kifalme. Mtoni, kaskazini ya mji. Marhubi, hapo hapo njiani. Chukwani, kusini. Kidichi, kilimani. Yote yako ndani ya mwendo wa asubuhi moja kutoka Mji Mkongwe, kwa mashua au kwa punda. Hakuna hata moja lililojengwa pwani ya mashariki. Sultani wa siku zile alikuwa mfanyabiashara vile vile. Meli ikitia nanga, barua ikifika, lazima awe mjini. Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika kwamba baba yake alikaa Mtoni siku nne za wiki na siku zilizobaki akawa mjini. Hiyo siyo tofauti sana na tajiri wa leo mwenye nyumba ya pili nje ya mji. Mtoni ilikuwa mbali kiasi cha kusahau kelele za forodha, na karibu kiasi cha kurudi kabla mambo hayajaharibika.

Kidichi nayo ilikuwa hatua moja mbele. Punda mwema wa Maskati, wale weupe waliosifika, anakufikisha kwa muda wa kama saa mbili hivi. Ukifika umechoka, umejaa vumbi, ndiyo maana ya hamamu: maji ya moto, kukandwa, kulala. Bibi Shehrzad alipenda kuwinda na kupanda farasi, na mashamba ya huko yalimfaa. Ndoa yenyewe haikudumu. Aliachwa akarudi kwao Uajemi, na hamamu ikabaki.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo waongozaji wengi wa wageni hulipita haraka. Saa mbili zile zilikuwa saa mbili za nani? Salme anasimulia misafara ya kwenda mashamba: mabibi wamepanda punda waliopambwa, na watumwa wakienda mbio kwa miguu pembeni. Njia ni ile ile na muda ni ule ule, lakini mmoja anafika kupumzika na mwingine anafika hoi, kisha anaambiwa ateke maji ya hamamu. Na mikarafuu iliyolipa gharama zote hizo ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897 tu, karibu nusu karne baada ya hamamu kujengwa.

Salme mwenyewe alikuja kuonja ladha ya umbali. Baada ya ugomvi wa ndugu wa mwaka 1859, alikwenda kukaa shambani kwake Kizimbani. Shamba zuri, lakini bahari iko mbali nalo, na mtu aliyezaliwa Mtoni hawezi kuishi bila kuiona bahari. Akatafuta nyumba Bububu, penye ufuo, ambako mashua kutoka mjini inafika bila taabu. Kutoka Kizimbani hadi Bububu ni kilomita chache tu! Lakini kwa mtu wa wakati ule, hizo chache zilitosha kugawa maisha mawili: la upweke, na la kupata wageni na habari. Kwa njia, wapo wanaosema jina Bububu limetokana na mlio wa gari la moshi. Kisa kitamu, lakini Salme analitaja jina hilo katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, na gari la moshi la Bububu halikujengwa mpaka mwaka 1905. Jina lilitangulia, moshi ukafuata.

Gari la moshi la wageni wa saa tatu

Tumelitaja gari la moshi, basi tulipande. Wa kwanza kulileta Unguja alikuwa Sultani Barghash. Mnamo mwaka 1879 aliweka reli ndogo ya kumtoa mjini mpaka kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa cha moshi kutoka Uingereza. Reli nzima, kwa ajili ya mtu mmoja kufika pwani yake mapema! Alipofariki mwaka 1888, ikang'olewa.

Wakati huo huo dunia ilikuwa inapungua. Zamani ukitaka kutoka Maskati kuja Unguja unangoja kaskazi, na ukitaka kurudi unangoja kusi. Safari ni wiki kadhaa baharini, na kungoja ni miezi. Seyyid Said mwenyewe alifia baharini mwezi Oktoba 1856, akirudi kutoka Maskati. Nani angefunga safari ya namna hiyo ati kwa ajili ya kuota jua? Lakini mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka 1872 meli za barua za moshi zikaanza kuja Unguja kila mwezi. Meli ya moshi haingoji upepo. Kwa mara ya kwanza mgeni aliweza kujua ni lini atafika na ni lini ataondoka.

Na hapo ndipo alipozaliwa yule mgeni ambaye tunaye mpaka leo: mgeni wa saa chache. Meli imetia nanga, inapakia na kupakua, abiria ana asubuhi moja. Afanye nini? Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ilijenga reli kutoka mjini hadi Bububu, maili saba, iliyofanya kazi kuanzia 1905. Wenyeji ndio waliolijaza gari lile kila siku, na mizigo yao. Lakini palikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli waliotaka kuona shamba na kurudi kabla king'ora hakijalia. Bububu haikuchaguliwa kwa sababu ni nzuri kuliko Jambiani. Ilichaguliwa kwa sababu unaweza kwenda na kurudi. Barabara na motokaa zilipozidi, gari la moshi nalo likachoka, na mwaka 1928 likasimama.

Wiki mbili za likizo

Sasa tutoke kisiwani kidogo, kwa sababu jambo kubwa lililofuata halikutokea hapa. Lilitokea Ulaya, tena katika vitabu vya sheria. Mwaka 1936 Ufaransa iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Uingereza ikafuata na sheria yake mwaka 1938. Kabla ya hapo, aliyesafiri kwa kujifurahisha alikuwa tajiri asiyehesabu siku. Sasa alikuja msafiri mwenye siku za kuhesabu.

Piga hesabu. Meli kutoka London kuja huku ilichukua karibu wiki tatu. Mtu mwenye likizo ya wiki mbili angekuwa bado yuko baharini na kazi imeshaanza bila yeye! Kwake Unguja haikuwa mbali tu, haikuwepo kabisa. Akaenda pwani ya kwao, na ndege zilipokuwa rahisi akaenda Uhispania. Mpaka leo kanuni ni ile ile. Mtu wa New York anayetaka minazi anapaa saa nne hivi mpaka Jamaika, kwa hiyo Wamarekani wamejaa Karibi, na kwetu huwaoni kwa wingi namna hiyo. Mwingereza anafika visiwa vya Kanari kwa saa nne na kidogo. Bahari zote zina chumvi, wanachogombea ni siku zao za likizo.

Ndege za jeti ndizo zilizotuingiza kwenye hesabu. Wenzetu wa Mombasa walitangulia: kiwanja chao kilifanywa cha kimataifa mwaka 1979, na Wajerumani wakawa wanateremka pale moja kwa moja. Unguja ilifungua milango katika miaka ya themanini, Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992, na ndege za kukodi kutoka Italia zikaanza kuleta watu wa wiki moja. Kutoka Milano ni saa tisa hivi, na saa za huko na za kwetu zinapishana moja au mbili tu. Maana yake nini? Mtu anapanda ndege usiku, analala, anaamka kwetu asubuhi na usingizi wake haukuvurugika. Katika wiki ya siku saba, hilo si jambo dogo. Kiwengwa ikajaa Waitaliano mpaka watoto wa pale wakajua Kiitaliano kabla ya Kiingereza. Mwaka 2023 waliingia wageni zaidi ya 600,000.

Na Kidichi? Mgeni anashuka uwanjani, basi linamchukua moja kwa moja, lami imeifanya pwani ya mashariki kuwa mwendo wa saa moja na ushei. Mji anaupita. Baadaye, siku ya nne amechoka na mchanga, anapelekwa "ziara ya viungo". Na ziara hiyo inafanyika wapi? Kidichi na Kizimbani, kwa sababu ni karibu: unaonyeshwa mdalasini na vanila, unachungulia hamamu dakika chache, unarudi mjini kula mchana. Punda aliifanya Kidichi mahali pa kulala. Gari imeifanya mahali pa kusimama.

Umbali wa siku hizi

Je, sisi wenyewe? Mtu wa Dar es Salaam zamani alivuka kwa jahazi akategemea upepo. Leo boti ya kasi ni saa mbili au pungufu, ndege ni dakika ishirini, na Ijumaa jioni bandarini Malindi utawaona wanamiminika. Mtu wa Nairobi tangu mwaka 2017 anafika Mombasa kwa reli mpya kwa kiasi cha saa tano, safari iliyokuwa ya kulala njiani. Vyombo vimefanya kazi yao.

Lakini kijana wa Ng'ambo, wa Jang'ombe au Kikwajuni, ambaye Nungwi kwake ni saa moja na nusu tu, anakwenda mara ngapi? Wengi wanasubiri Sikukuu. Siyo kwamba njia ni ndefu. Nauli ya kwenda na kurudi, soda moja kwa bei ya wageni, kisha geti, na askari anayeuliza, "Unakwenda wapi, kaka?" Mtu wa Milano saa tisa zake ameshazilipia, haulizwi. Hivyo yuko karibu na Kiwengwa kuliko aliyezaliwa Mwembetanga. Umbali haukuisha, jamani. Umehama kutoka miguuni ukaingia mfukoni.

Nasema haya kwa wenzangu tunaojifunza kuandika. Safari za Kidichi tunazijua kwa sababu aliyekaa juu ya punda aliandika, akiwa ugenini Ujerumani, mbali na bahari yake. Aliyekimbia pembeni hakuandika, na sasa hatuna namna ya kumuuliza njia ilikuwa ndefu kiasi gani. Lakini bibi zetu tunao. Muulize wa kwako alichukua muda gani kutoka Makunduchi kuja mjini alipokuwa msichana, alibeba nini kichwani, alipumzika chini ya mti gani. Muulize na kaka anayesimama getini usiku kucha, anarudi kwao kwa gari gani na saa ngapi. Kisha kaa uandike, kabla njia haijabadilika tena.