Okoka na Okolewa: Istilahi za Ubatizo wa Watoto Wachanga katika Historia

Miongoni mwa istilahi ambazo mfasiri wa Kiswahili hukutana nazo mara kwa mara, na ambazo aghalabu huzipita upesi kwa kudhani kwamba zimekwisha kupimwa na waliomtangulia, zimo zile zihusuzo ubatizo na wokovu. Mwalimu huzikuta katika vitabu vya historia, karani huziandika katika majalada, na mkalimani huzisikia pale cheti cha ubatizo kinapotolewa kuwa ushahidi wa umri wa mtu. Nia ya makala hii si kuamua shauri la dini. Nia yake ni kuonyesha jinsi swali moja zito, yaani kama mtoto mchanga afaye kabla ya kubatizwa anaweza kuokolewa, lilivyotegemea kwa kiasi kikubwa maana ya maneno machache, na jinsi maneno hayo yalivyoingia katika lugha yetu yakiwa yamebeba mizigo ambayo wengi wetu hatujaifungua.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi batiza asili yake ni Kiyunani, baptizo, maana yake kuchovya au kuzamisha. Wakristo wa Kilatini hawakukifasiri kitenzi hicho. Walikiazima kama kilivyo, na lugha nyingi za Ulaya zikafuata. Wakristo wa Kiarabu walitumia neno lao, maamudiya, na Waethiopia nao wakatumia timkat, ambalo shina lake ni la kuzamisha. Kiswahili hakikukosa maneno: chovya, zamisha, osha na tawadha yote yalikuwapo. Hata hivyo neno lililokaa ni lile la kuazima, nami naona lilikaa kwa haki. Laiti lingechaguliwa zamisha, lugha ingekuwa imekwisha kuhukumu ugomvi wa maji mengi na maji machache kabla wenye ugomvi hawajafika. Tena mgeni huyu alitua pwani akiwa amekwisha kuvaa kanzu: mwisho wake -iza unafanana mno na kiambishi chetu cha kusababisha, hata batizwa, ubatizo na mbatizaji vikazaliwa bila taabu yoyote.

Watu wa ufalme wa Kongo walifanya vingine. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, na katika karne zilizofuata ibada hiyo ilijulikana kwa Kikongo kwa maneno ya dia mungwa, yaani kula chumvi, kwa kuwa padri alitia chumbe ya chumvi katika ulimi wa abatizwaye. Waliita jambo kwa kile kilichoonekana na kuonjwa. Msomaji Mswahili atatabasamu hapa, kwani kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee aliyeishi miaka mingi, ambapo wengi wa waliolishwa chumvi ile Kongo walikuwa watoto wachanga, na baadhi yao hawakufikia hata kutambaa.

Swali la watoto hao ni la kale kuliko Kongo, na inafaa ikumbukwe kwamba lilijadiliwa kwa ukali zaidi katika bara hili letu, kwenye pwani ya kaskazini. Tertullian wa Carthage, akiandika yapata mwaka 200, alishauri watoto wacheleweshwe. Aliuliza kwa nini umri usio na hatia uharakishwe kwenye ondoleo la dhambi. Nusu karne baadaye, katika mji uleule, askofu Cyprian na wenzake 66 walijibu barua ya askofu aliyetaka mtoto angojewe hadi siku ya 8, kama ilivyo katika tohara ya Kiyahudi. Wao walikataa kungoja. Rehema, walisema, haizuiliwi kwa aliyezaliwa leo, ambaye dhambi anazoondolewa si zake mwenyewe bali za mwingine.

Dhambi za mwingine: hapo ndipo penye kiini. Augustine, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, ndiye aliyeijenga hoja hiyo mpaka ikawa fundisho, naye aliijenga kwa sehemu juu ya tafsiri. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 5, mstari wa 12, Kiyunani kina kiunganishi ambacho wataalamu wengi leo hukifasiri kuwa cha sababu: mauti yaliwafikia wote kwa kuwa wote walitenda dhambi. Biblia ya Kilatini aliyoitumia Augustine ilikuwa na maneno mawili, in quo, yanayoweza kusomwa “ambaye ndani yake”. Akasoma hivyo: wote walitenda dhambi ndani ya Adamu, na mtoto wa siku moja akiwamo. Sisemi kwamba fundisho zima lilisimama juu ya maneno mawili, maana Augustine alikuwa na hoja nyingine, na mojawapo ni desturi yenyewe ya Kanisa kubatiza watoto. Lakini mfasiri anayedhani viunganishi ni vitu vidogo angefaa kuutazama mstari huu. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1952, imefuata Kiyunani na kutumia kiunganishi cha sababu. Hivyo msomaji wa Kiswahili anapewa “dhambi ya asili” katika katekisimu, lakini mstari ambao Augustine aliuegemea hauoni katika Biblia yake.

Wapinzani wa Augustine, wafuasi wa Pelagius, walijaribu kuwaokoa watoto kwa kutenga istilahi mbili. Walisema mtoto asiyebatizwa hataingia katika “ufalme wa mbinguni”, kwa sababu Injili ya Yohana yadai maji na Roho, lakini atapata “uzima wa milele”. Augustine hakukubali mahali pa tatu kati ya mbingu na moto, na mtaguso uliokutana Carthage mwaka 418 ulilaani fundisho la Wapelagia. Yeye mwenyewe, hata hivyo, hakuweza kuufuata ukali wake hadi mwisho. Aliandika kwamba adhabu ya watoto hao ni nyepesi kuliko zote. Ni dhahiri kwamba neno “nyepesi” limeandikwa na mtu asiyetulia moyoni.

Karne za kati zilimalizia kazi hiyo kwa neno jipya, limbo, kutoka katika Kilatini limbus, yaani pindo la nguo au ukingo. Watoto waliwekwa penye pindo la jehanamu, pasipo maumivu. Thomas Aquinas, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba hawahuzuniki, kwa kuwa hawajui walichokikosa. Neno hili halikupata kuwa imani rasmi ya Kanisa Katoliki, lakini lilifundishwa kote kana kwamba ni hivyo. Nawashauri wafasiri wasiliandike katika Kiswahili bila maelezo. Mwenye kujua ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege, atadhani amelielewa, naye atakuwa amekosea, ingawa picha ya ndege asiyeweza kuruka wala kuanguka haiko mbali sana na fundisho lenyewe.

Mageuzi ya karne ya 16 hayakuliondoa swali. Luther na Calvin waliendelea kubatiza watoto, kila mmoja kwa hoja zake. Lakini tarehe 21 Januari 1525, katika mji wa Zurich, kikundi kidogo kilibatizana upya kwa imani ya mtu mzima, kikisema kwamba walichotendewa utotoni hakikuwa ubatizo. Adui zao wakawaita wabatizaji-tena, jina ambalo wao hawakulikubali, maana kwao ule ulikuwa ubatizo wa kwanza. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat mnamo Januari 1527 mpaka akafa. Watu hao waliamini kwamba mtoto yuko salama mikononi mwa Mungu bila maji, hata wakawa tayari kufa kwa ajili ya kumwacha bila maji. Warithi wao, Wamenoni, walifika Shirati, katika mkoa wa leo wa Mara, mwaka 1934, na kwa hiyo ubishi wa Zurich ukapata masikio ya Kiswahili.

Pwani yetu ilikuwa na jawabu lake kabla ya wote hao. Msamiati wa dini wa Kiswahili ulikomaa chini ya Uislamu, nao hufundisha kwamba mtoto huzaliwa katika umbile safi na hana hesabu ya dhambi kabla ya kubaleghe. Neno dhambi, kwa Mswahili, lilikuwa jina la tendo lenye mtendaji. Kuliambatanisha na kitoto kisichojua mkono wa kulia na wa kushoto kulikuwa ni kulipa neno kazi mpya. Tena asili kwetu ina maana mbili, chanzo na tabia. “Dhambi ya asili” yaweza kueleweka kuwa dhambi iliyotoka mwanzoni, au dhambi ambayo ndiyo tabia ya binadamu. Kilatini kilikusudia zaidi ile ya kwanza. “Dhambi ya mwanzo” ingepunguza mkanganyiko, ijapokuwa sasa ni vigumu kuliondoa lililokwisha kuzoeleka. Na ikiwa lugha yaweza kusemwa kwamba ina hukumu yake, basi yetu iliitoa zamani: mtoto mchanga, katika usemi wa kawaida, huitwa malaika.

J. L. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuandika Kiswahili kwa ajili ya tafsiri, hakulijua swali hili kwa vitabu tu. Safarini katika nchi ya Wahabeshi mkewe alijifungua njiani. Krapf alimbatiza binti huyo mwenyewe, akampa jina la Eneba, yaani chozi, na mtoto akafa. Julai 1844, Mombasa, alimzika mkewe na binti wa pili.

Sasa tufike kwenye jozi iliyo katika anwani ya makala. Kutokana na okoa tuna okolewa na okoka. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa: yuko mwokozi, hata asipotajwa. Ya pili ni kauli ya kutendeka: mtu ametoka katika hatari, na lugha haiulizi nani kamtoa. Katika Marko 16:16 Kiyunani kina kauli ya kutendwa, lakini tafsiri ya Muungano imetumia okoka. Huenda hakuna aliyejali wakati ule. Lakini Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukatuletea Walokole kwa jina la Kiganda lenye maana ya waliookoka, uliligeuza neno. Okoka likawa tendo la kukiri mbele ya wenzako, lenye siku na mahali. Mtu huulizwa ameokoka lini. Wengi wa Walokole wa kwanza walikuwa wamebatizwa utotoni, na walisema wazi kwamba ubatizo huo peke yake haukuwaokoa. Kwa maana hiyo mpya, mtoto mchanga hawezi kuokoka. Anaweza kuokolewa. Mfasiri asiyetenganisha maneno haya anaweza kumfanya mwandishi amhukumu mtoto ambaye hakukusudia kumhukumu.

Mfano mwingine ni “ubatizo wa tamaa”, msemo unaotumiwa kwa mtu aliyeutaka ubatizo akafa kabla ya kuupata. Tamaa katika Kiswahili ina harufu ya uroho na ya mwili. Ningependekeza “ubatizo wa nia”. Neno nia lina historia yake katika jambo hili: Kimpa Vita, mwanamke Mkongo aliyechomwa moto Julai 1706, alihubiri kwamba kitu atazamacho Mungu ni nia, wala si ibada ya padri. Wakapuchini waliomshitaki waliona hatari ya neno hilo. Mtoto wake mchanga aliokolewa motoni.

Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa Katoliki ilichapisha waraka kuhusu watoto wafao bila ubatizo. Ulisema kwamba limbo ni maoni ya wanateolojia na si imani rasmi, na kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao huokolewa. Lakini uliongeza kwamba hizo ni sababu za tumaini, si za ujuzi wa hakika. Anayeufasiri kwa Kiswahili atakutana na kishawishi cha kuandika “matumaini”, ambalo kwa matumizi ya sasa ni neno la hospitali na la siasa: hali ya mgonjwa inatia matumaini. Tumaini, kwa umoja, ndilo linalohifadhi ukadirifu wa waraka. Na kitenzi kiwe okolewa.