Kodi ya Madirisha

Wasikilizaji, mtu apitaye katika mitaa ya zamani ya miji ya Uingereza, kama Bath, huona jambo la kustaajabisha. Katika ukuta wa nyumba nzuri ya ghorofa pana dirisha lenye umbo lake kamili, lakini mahali pa vioo pamejengwa matofali. Mengine yalifanywa hivyo tangu mwanzo, ili ukuta upendeze kwa kulingana. Lakini mengi yalizibwa kwa ajili ya kodi, na habari za kodi hiyo ndizo nilizokusudia kuwaeleza.

Mwaka 1696 Mfalme William wa Tatu alikuwa akipigana na Wafaransa, na sarafu za nchi zilikuwa zimeharibika, kwa kuwa wajanja walizikata pembeni na kuyeyusha vipande vile vya fedha. Serikali ikaazimu kuzipiga upya, na hasara ilipwe kwa kodi. Je, kodi gani? Kodi ya meko, iliyotoza shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka tangu 1662, ilikwisha futwa mwaka 1689, kwani watu walichukia mno watoza kodi kuingia nyumbani mwao. Bali madirisha huhesabiwa na mtu aliyesimama njiani. Tena ilidhaniwa kwamba mwenye madirisha mengi ndiye tajiri.

Hapo kwanza nyumba ililipa shilingi 2 kwa mwaka. Yenye madirisha 10 hadi 19 shilingi 6. Na yenye 20 au zaidi shilingi 10. Mwaka 1747 hesabu ikageuzwa. Mwenye madirisha 9 hakutozwa kwa madirisha, lakini alipoongeza la kumi alitozwa peni 6 kwa yote kumi, yaani shilingi 5. Kuanzia 15 ilikuwa peni 9 kwa kila moja, na kuanzia 20 shilingi nzima. Basi watu nao wakahesabu. Daftari za kodi za miaka ile zaonyesha nyumba nyingi mno zenye madirisha 9, au 14, au 19 kamili.

Kazi ya kuziba haikuwa ngumu. Mwashi alitoa fremu, akakiacha kizingiti cha juu kibebacho ukuta, akajaza matofali katika uwazi. Wengine hawakutaka hata gharama hiyo. Waliziba kwa mbao, au kwa matope na samadi, na mhesabu madirisha alipokwisha kupita, wakafungua. Kwa hiyo sheria ikaamuru kwamba dirisha lisilozibwa kwa mawe, matofali au lipu lihesabiwe kuwa wazi. Chumba cha maziwa au cha jibini kilisamehewa, mradi jina lake liandikwe juu ya mlango.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuwacheka. Kodi ya kibanda, waliyoianzisha Wadachi Tanganyika mwaka 1897 na Waingereza Kenya mwaka 1901, ilihesabu vibanda, na watu wengi walijibana katika kibanda kimoja ili walipe kidogo.

Ubaya mkubwa uliwaangukia maskini wa mijini. Nyumba kubwa ya kupangisha, hata kama jamaa nyingi zilikaa humo, ilihesabiwa kuwa nyumba moja, na mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Yeye aliokoa fedha kwa kuziba madirisha ya ngazi na ya vyumba alimolala mtu mwingine. Wapangaji wakaishi gizani, katika hewa nzito na unyevu, na madaktari wakalalamika kwamba maradhi yazidi humo. Hata Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alionyesha kwamba nyumba ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka katika mji mdogo huweza kuwa na madirisha mengi kuliko nyumba ya pauni 500 ya London, na hivyo maskini kumlipia tajiri.

Wafaransa walikuwa na kodi kama hiyo tangu 1798 hadi 1926, nao walihesabu na milango pia. Mtu wa shamba akaridhika na mlango mmoja tu.

Uingereza kodi ilifutwa tarehe 24 Julai 1851. Waliopenda waliwaita waashi, wakabomoa matofali bila kuudhuru ukuta, kwa kuwa vizingiti vya juu vilikuwa bado mahali pake. Wengine hawakujisumbua, na madirisha yao yamezibwa hata leo.