Tunda Mezani: Uchoraji wa Vitu Tuli na Ufipa

Uchoraji wa vitu tuli, yaani picha za matunda, vyungu au maua yaliyopangwa mezani ili yachorwe jinsi yalivyo, haukuwa na mizizi Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ingawa Wafipa walikuwa mafundi hodari walioyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zilizozidi kimo cha mtu, na kufuma nguo za pamba. Uzuri ulikaa ndani ya kifaa chenyewe. Uchoraji huo ulistawi Ulaya, hasa Uholanzi katika karne ya 17, ukafika Afrika Mashariki kupitia shule.

Hata shuleni haukupokewa kwa mikono miwili. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1930, hakutaka wanafunzi waige mitindo ya Ulaya; aliwasimulia habari, nao wakachora walichokiona akilini. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora mwaka 1956 wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, picha ambayo sasa imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Humo ndizi hazijatulia mezani: zimekwisha kuwa pombe, nazo zi njiani kwenda harusini. Ni Cecil Todd, aliyeshika uongozi wa mafunzo hayo mwaka 1958, ndiye aliyetilia mkazo mbinu za kitaaluma za Ulaya.

Rangi nazo ziliamua mengi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Akriliki, ambayo ni rangi iliyochanganywa na plastiki katika maji, iliuzwa Marekani tangu miaka ya 1950. Hukauka upesi, kwa hiyo embe linalogeuka kutoka kijani hadi manjano hujengwa vyema kwa tabaka nyembamba. Katika joto la Kaoze, kijiji cha bonde la Rukwa chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mchoraji hana budi kunyunyizia rangi yake maji mara kwa mara.

Trowell alikuwa na haki ya kuhofia uigaji, lakini embe la bonde la Rukwa si kitu cha kuigwa kutoka Ulaya. Walimu wa Sumbawanga na waliweke mbele ya wanafunzi wao, wachore wanachokiona.