Nani Atamla Huyu Samaki?

Ukitaka kujua kwa nini kitu kinauzika, usimwangalie anayekitengeneza. Mtafute anayekimaliza. Wachezaji wa RuneScape walijifunza hilo kupitia samaki.

Mchezo huo ulianza Januari 2001, ukiundwa na Mwingereza Andrew Gower pamoja na ndugu zake. Ulichezwa ndani ya brauza tu, hivyo hata kompyuta ya kizee iliumudu. Kulikuwa na mapanga na majoka, na baadaye kidogo uvuvi ukaongezwa.

Tuanze na vifaa. Dema la kutegea kamba koche, wavu na chusa vilipatikana dukani kwa sarafu chache, na ukishanunua, umenunua. Haviharibiki. Sasa ungemuuzia nani? Kumbe kilichopata soko ni unyoya! Kila trauti au samoni anayenaswa kwa mshipi hula unyoya mmoja. Basi wageni wa mchezo wakawa wanaua kuku pale Lumbridge, wanaokota manyoya na kuwauzia wavuvi. Mshipi unadumu, unyoya unaisha.

Samaki naye ni vivyo hivyo. Mpiganaji akijeruhiwa, anakula. Mkoba wake una nafasi 28 tu, kwa hivyo kila nafasi ina hesabu: kamba koche anarudisha pointi 12 za uhai, papa 20. Vita vikiisha, upanga bado upo ila samaki hawapo, na kesho lazima anunue wengine. Halafu kuna umbali. Kamba koche wengi walivuliwa kisiwani Karamja, ambako hakukuwa na benki karibu, na nauli ya meli ilikuwa sarafu 30. Mnunuzi alilipia samaki, akalipia na miguu ya mvuvi.

Kabla ya Novemba 2007, kuuza kulimaanisha kusimama kwenye benki za Varrock au Falador ukipiga kelele kwa maandishi, kama manamba anayeita abiria. Kisha likaja Grand Exchange, soko kuu ambapo unaacha bidhaa na bei yako, unaenda zako.

Toleo la kale la mchezo lilipofufuliwa mwaka 2013, swali lilibaki lile lile: samaki atapandaje thamani? Wangeweza kutangaza bei mpya, lakini amri haimfanyi mtu awe na njaa. Kinachofaa ni kumpa samaki kazi ambayo wengine hawawezi. Karambwan anapendwa kwa sababu unaweza kumla papo hapo baada ya samaki mwingine, bila kusubiri. Anglerfish, aliyekuja 2016, anaongeza uhai kupita kiwango chako cha juu. Hata vidagaa visivyolika vilipata soko: 40 unabadilishiwa papa mmoja. Na mwaka 2021 ikaja kodi ya asilimia 1 kwenye soko kuu. Sehemu ya makusanyo hununua bidhaa na kuziteketeza. Palipokosekana mlaji, mchezo wenyewe ukawa mlaji.

Ni mchezo tu? Waulize vijana wa Venezuela. Sarafu ya nchi yao ilipoporomoka, karibu 2017, wengi walikesha humo wakiua majoka wa kijani na kuuza dhahabu ya mchezo kwa dola, jambo linalokatazwa na kanuni. Kwao, bei ikishuka kwenye skrini, sufuria ya nyumbani ilijua.

Ndiyo maana kanuni moja ya toleo hilo la kale inastahili kukumbukwa. Mabadiliko makubwa yalipigiwa kura na wachezaji, na kwa miaka mingi hakuna lililopita bila asilimia 75 kukubali. Aliyekaa masaa akingoja papa alikuwa na kura sawa na mwenye upanga wa mamilioni. Mvuvi alikuwa na la kusema kuhusu bei ya jasho lake, na hilo, bana, hata bandari za kweli wavuvi wengi hawana.