Mzee wa vitabu, babu, na kitabu nilichokiuza

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Wiki mbili hizi nilikuwa nahangaika na mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, na katika kuhangaika huko nimegundua kwamba mwaka jana niliuza ushahidi wangu mwenyewe. Kwa shilingi 40,000. Ngoja niwasimulie tangu mwanzo.

Mnakumbuka bumu lilivyochelewa mwaka jana, tukawa tunakula wali maharage mara moja kwa siku na kujifanya tumefunga. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Singida. Alipofariki aliacha sanduku la bati limejaa vitabu, na mjomba alikuwa ameshaanza kumgawia muuza karanga achane kurasa za kufungia. Nikaliomba sanduku, likaja na basi. Nikachagua vitabu sita, nikatia kwenye begi, daladala mpaka Ubungo, mwendokasi mpaka Posta ya Zamani, kisha kwa miguu hadi kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vya zamani chini ya ngazi za jengo moja bovu. Jina lake siliandiki, hapendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Umekuja kununua au umefiwa?"

Nilishtuka! Lakini ndiyo biashara yake ilivyo. Mali haitoki kiwandani. Inatoka kwa waliofiwa, kwa wanaohama nchi, na kwa wanafunzi waliomaliza na hawataki tena kuona hata jalada la kitabu. Ananiambia kuuza ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kununua, maana akikosea bei pale unapofungua begi, amekosea mwaka mzima.

Tangu siku ile nimekuwa nakwenda kukaa naye kila nikipata nafasi, kwa hiyo siku yake naijua. Anafika saa moja asubuhi. Kabla ya kupanga anakung'uta kimoja kimoja, anatazama mshono kama kuna mende, maana mende wa Dar wanapenda gundi ya zamani kuliko sukari. Kisha anavinusa. Kweli kabisa, anavinusa! Unyevu wa pwani unaanza kwa harufu kabla ya doa. Juani haviweki, anasema zile jalada za rangi ya chungwa za mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ulioanza 1962, zikikaa juani miezi miwili zinakuwa rangi ya chai ya maziwa na mteja anashusha bei.

Usidhani anaishi kwa vitabu adimu. Chakula cha kila siku kinatoka kwenye kamusi, vitabu vya sekondari na mitihani iliyopita. Kitabu adimu kinauzwa labda kimoja kwa mwezi, na hicho ndicho kinacholipa pango. Zamani hakuwa na pango. Alikuwa anatandika turubai kandokando ya barabara, mpaka mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani, ndipo akahamia chini ya ngazi. Mteja wa kupita hampati tena. Anayefika pale amekusudia.

Sasa tuje kwenye historia, maana nasoma historia na lazima niwachoshe kidogo. Mzee alichukua vitabu vyangu sita, hakuangalia jalada. Alifungua nyuma ya ukurasa wa jina, pale penye mwaka na mchapishaji. Vitano akavisukuma pembeni, elfu mbili mbili. Cha sita akakishika. Rosa Mistika ya Kezilahabi, chapa ya 1971, East African Literature Bureau.

Mnaijua habari ya Rosa Mistika. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa sababu ya mambo yanayompata yule binti, halafu baadaye ikaja kusomwa sekondari, tena sisi wengine tukaichoka. Mimi nilidhani ni adimu kwa sababu ya ile marufuku. Mzee akacheka. Akasema marufuku haimalizi kitabu, inakiuza! Kinachomaliza kitabu ni karatasi na mpaka.

Nikaenda kuhakiki maktaba na hoja yake inasimama. Hiyo Bureau ilianzishwa 1948 kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo maana vitabu vyake vinaandikwa miji mitatu kwenye ukurasa mmoja, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na Bureau ikafa nayo. Mwaka huohuo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Fikiria wachapishaji wangapi wa vitabu vya Kiswahili walikuwa wamekaa Nairobi wakati ule! Katikati ya hapo ikaja vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikakauka, karatasi ikawa shida. Nakala iliyoliwa na mchwa Singida mwaka 1980 haikuwa na mbadala dukani. Zilizobaki ni zile ambazo mtu mmoja aliamua kuzitia kwenye sanduku la bati.

Unaweza kuona jambo hili kwa macho pale kwake. Ana rafu ya vitabu vya miaka ya 1970, imejaa. Ya miaka ya 1980 ni kipande kama cha mkono. Hakupanga kufundisha mtu, amepanga kwa mwaka tu kwa sababu wanunuzi wake wanauliza hivyo. Wengi wanaulizia Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, chapa ya 1972 iliyotolewa na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House ya hapa Dar. Si Rodney alifundisha hapahapa Mlimani mpaka 1974? Sisi tunasoma kopi ya stationari, kurasa nyingine zimekatwa pembeni. Cha kujali chapa tunacho?

Turudi kwa babu. Kabla ya kunilipa, mzee alifungua ile karatasi tupu ya mwanzo, akanigeuzia. "Humu umesoma?"

Sikuwa nimesoma. Kulikuwa na mwandiko wa babu, ule wa ubaoni, wa kulala kidogo kulia. Orodha. Majina kumi na kitu, kila moja na tarehe mbili, ya kuazima na ya kurudisha. Mwalimu fulani, mwalimu fulani, bwana shamba, mhudumu wa zahanati, na jina moja la mwanamke limepigiwa mstari bila tarehe ya kurudisha, kisha kitabu kikarudi kwa namna ambayo siijui. Babu yangu, ambaye alikuwa anazima redio ikipiga muziki wa dansi, alikuwa anaazimisha Rosa Mistika kijiji kizima!

Mzee akasema, "Maandishi haya yanashusha bei kwa mtu wa kukusanya. Kwa mtu wa kwenu yanapandisha. Mimi nitakupa 40,000. Lakini kaa kwanza."

Nilikaa kama dakika tano. Nilikuwa na njaa, jamani, na deni la chumba. Nikapiga picha ile karatasi kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikapokea hela, nikala chipsi kuku Posta na nikajiona nimeshinda.

Sasa mada yangu ya utafiti ni wasomaji wa riwaya za Kiswahili vijijini miaka ya 1970. Msimamizi alipoiona ile picha alisimama kutoka kwenye kiti. Akauliza nakala halisi iko wapi. Nusu ya majina hayasomeki, kidole changu kimeziba tarehe za chini, na lile jina la mwanamke ndilo lenye ukungu kuliko yote.

Nikakimbia kwa mzee. Kimeuzwa. Hakunigombeza, ambapo ningependa anigombeze. Alifungua daftari lake la mauzo akanionyesha mstari: kitabu, mwaka, bei, na herufi mbili za mnunuzi, mtu anayekuja kila mwisho wa mwezi. Bei sitaitaja, itaniuma tena. Amesema atamwomba aje nacho, nikinakili pale palepale chini ya ngazi, mbele ya macho ya mwenyewe.

Mwisho wa mwezi ni Jumamosi hii. Nimeazima kamera ya maana kwa mtu wa chumba cha pili. Nimempigia na mama, nikamsomea yale majina yanayosomeka, na amewatambua wanne. Nilipomtajia herufi mbili za kwanza za yule mwanamke alikaa kimya, kisha akaniuliza kama nimekula.