Jicho la Barabara Humwona Nani?

Juma hili nina kisa cha honi. Mwaka 1928, mjini Baltimore, Marekani, Charles Adler aliweka maikrofoni kwenye njia panda. Dereva aliyetaka taa imruhusu alipiga honi. Wakati uo huo Henry Haugh alibuni mabamba ya chuma barabarani yaliyohisi uzito wa gari.

Vyombo hivyo vilijua gari limefika. Limetoka wapi, linakwenda wapi, havikujua. Kwa hiyo mwaka 1956 watafiti wa Chicago walibisha hodi majumbani, wakawauliza watu safari zao, kisha wakayapima majibu kwa hesabu ya magari barabarani.

Hapo ndipo mahali pa kuweka chombo huwa hoja nzito. Weka viwili kwenye barabara moja isiyo na njia panda katikati, utahesabu gari lile lile mara mbili, na mtaa wa pili usiujue kabisa.

Mimi naogopa jambo moja: fedha za barabara hufuata hesabu. Bamba linalongoja uzito wa gari halimhisi mwenda kwa miguu. Basi kabla ya kusifu tarakimu, tuulize: jicho limewekwa wapi, nalo linamwona nani?