Asilimia 10: Vile Kenya ilianza kuwaomba waajiri watuandike kazi

Kila baada ya muda kuna tangazo. Mkubwa wa serikali anashika maikrofoni, anasema vijana elfu kadhaa wataandikwa kazi kwa kampuni za watu binafsi, na serikali itasaidia kubeba gharama. Linki zinaanza kuzunguka kwa magrupu ya WhatsApp na kila mtu anauliza, "Nani anafaa kuaplai?" Wakimaanisha kijana gani.

Mimi nataka tuulize upande ule mwingine. Mwajiri gani anafaa? Anaingiaje kwa mpango, anaonyesha nini ndio apewe hiyo afueni, na akishaichukua nani anahakikisha ametimiza ahadi? Ukifuatilia historia ya hii nchi, utaona hapo ndipo mipango mingi huvuja. Na hatukuanza juzi. Tulianza 1964.

Rudi nyuma kidogo. Uhuru ni Desemba 1963. Watu walikuwa wameahidiwa mashamba, shule na kazi. Lakini walowezi kadhaa walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, pesa zinahama nchi, na mjini watu wanazunguka wakitafuta kibarua. Januari 1964 wanajeshi wakaasi kule Lanet. Serikali ya Kenyatta ilikuwa na wiki chache tu tangu bendera ipande, na tayari joto limeanza.

Februari 1964 ukatiwa sahihi mkataba wa pande tatu: serikali, waajiri kupitia shirika lao la FKE, na vyama vya wafanyakazi kupitia Kenya Federation of Labour, ambalo mwaka uliofuata nafasi yake ilichukuliwa na COTU. Masharti yalikuwa rahisi kueleza hata kwa baraza la chifu. Waajiri wa kibinafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10. Serikali yenyewe iongeze asilimia 15. Wafanyakazi nao wakubali kukaa mwaka mzima bila kudai nyongeza ya mshahara na bila kugoma.

Hebu soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Siku hizi tukisema ruzuku ya mshahara tunawaza pesa kutoka Hazina. Mwaka wa 1964 Hazina haikumlipa mwajiri. Aliyemlipa mwajiri ni mfanyakazi aliyekuwa tayari kazini. Yeye ndiye alifunga mkanda ndio jirani yake naye aandikwe. Ukiniuliza, hiyo ndiyo ruzuku ya kwanza kubwa ya ajira katika Kenya huru, na iligharamiwa na watu wa mshahara mdogo.

Wasiokuwa na kazi wakaambiwa wajiandikishe. Zaidi ya watu 200,000 wakajitokeza. Fikiria foleni hizo, kwa nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu milioni 9 hivi.

Sasa tuangalie ile asilimia 10. Asilimia 10 ya nini? Ya watu walio kwa orodha ya mwajiri. Maanake mkataba ulimlenga mwajiri mwenye orodha: kiwanda, shamba kubwa, kampuni ya mjini. Fundi viatu mwenye kijana mmoja hakuwa na asilimia 10 ya kuongeza. Mama wa kuuza chakula kando ya reli hakuwa mwajiri machoni pa mtu yeyote.

Halafu kuna hesabu ya muda. Chukua kiwanda cha mfano chenye watu 200. Mwenyewe anatimiza ahadi, anaandika 20, sasa wako 220. Lakini kila mwezi kuna watu wawili wanaondoka: mmoja anastaafu, mwingine anarudi nyumbani kulima. Kama hajazi hizo nafasi, baada ya miezi 10 ako na watu 200 tena. Hajafuta mtu. Hajavunja neno lolote. Na mwaka mzima hajaulizwa nyongeza ya mshahara. Kuna mwingine naye alikuwa amepanga kuandika watu 20 mwaka huo, mkataba uwepo usiwepo. Yeye amezawadiwa kwa kufanya kile angefanya tu.

Wachumi walioangalia mkataba baadaye waliona hicho kitu: kazi ziliongezeka kwa haraka, halafu faida ikayeyuka. Waliona na lingine. Habari za kazi mjini zilipofika kijijini, watu wengi zaidi walifunga safari kuliko nafasi zilizokuwepo. John Harris na Michael Todaro, wachumi wawili waliokuwa wamefanya utafiti Nairobi miaka hiyo ya 60, walichapisha 1970 nadharia ambayo mpaka leo wanafunzi wa uchumi dunia nzima wanaisoma: mtu hahamii mjini kwa sababu kazi iko, anahama kwa sababu anapiga hesabu ya uwezekano wa kuipata. Ukiongeza kazi chache za mshahara mzuri mjini, unaweza kuishia na watu wengi zaidi wanaotarmaki. Nadharia ya dunia nzima, na mizizi yake iko kwa mabarabara yetu.

Je, tulijifunza? 1970 tukafanya mkataba mwingine wa pande tatu, asilimia 10 tena. 1979, Moi akiwa mpya kwa kiti, tukafanya wa tatu. Asilimia 10 tena! Miaka 15, dawa ile ile, mgonjwa yule yule.

Katikati ya hiyo mikataba, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilileta timu kubwa iliyoongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Ripoti yao ilisema jambo ambalo mama wa chakula angewaambia bure: tatizo la Kenya si watu kukaa bila kufanya chochote. Watu wanafanya kazi, tena kwa saa nyingi, na bado ni maskini. Ripoti hiyo ndiyo iliifanya dunia ianze kuongea kwa uzito kuhusu sekta isiyo rasmi, hii yetu tunaita jua kali. Yaani waajiri wa ukweli wa nchi walikuwa nje ya kila mkataba uliotiwa sahihi.

Ruka mpaka wakati wetu. Sheria ya Fedha ya 2015 iliongeza kifungu cha 39B kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, kikaanza kazi 2016. Mwajiri akichukua wahitimu wa chuo kikuu wasiopungua 10 kama wanagenzi, kwa miezi 6 hadi 12, anapata afueni ya kodi mwaka unaofuata. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa wahitimu wa vyuo vya ufundi pia.

Kwa karatasi ni kitu safi. Lakini pitia masharti polepole. Wahitimu 10 kwa mpigo: biashara yenye watu 6 imeachwa nje kabla hata haijasoma ukurasa wa pili. Afueni ya kodi: kama hukupata faida, huna kodi ya kupunguziwa, kwa hivyo kampuni changa inayojikokota haina cha kuchukua. Mwaka unaofuata: unalipa mishahara leo, afueni inakuja baadaye. Anayeweza kusubiri hivyo ni nani? Ni yule mwenye pesa, ambaye pengine angechukua wahitimu hata bila kubembelezwa.

Yaani 1964 na 2016 wanafanana kama mapacha. Mwajiri mkubwa yuko ndani, mdogo yuko nje.

Lakini wacha niwe mkweli, kuna hatua imepigwa. Mradi wa KYEP, ulioanza 2010 kwa pesa za Benki ya Dunia, ulipeleka vijana kwa mafunzo na kisha kwa waajiri kupitia KEPSA, na kijana alipata posho. Mrithi wake, KYEOP, kuanzia 2016, akaenda mbali zaidi: mafundi wakuu wa jua kali nao wakatambuliwa kama watu wa kufundisha. Fundi wa kuchomelea vyuma, fundi wa nguo, fundi wa magari. Ilichukua zaidi ya miaka 40 baada ya ile ripoti ya 1972, lakini hatimaye mtu wa jua kali akahesabika.

Kuna watakaosema ukilegeza masharti, matapeli wataingia. Ni kweli. Mtu ataandika majina ya binamu zake 10 na kudai afueni. Ndio maana mimi sisemi masharti yaondolewe. Nasema yawekwe mahali yanapouma. Hesabu ya wafanyakazi ifanywe kabla ya mpango na irudiwe baada ya mwaka, ili ile hesabu ya 220 kurudi 200 ionekane. Mwajiri awe amelipa NSSF na makato mengine ya wafanyakazi alionao tayari, kwa sababu asiyewatendea haki wa jana hawezi kuaminiwa na wa kesho. Anayefuta wa zamani ndio achukue wa ruzuku asipate hata shilingi. Na mwenye watu watatu aruhusiwe kuongeza mmoja na alipwe kwa huyo mmoja, tena mapema, kabla hajafunga duka.

Mwaka wa 1964 wafanyakazi walikubali kukaa bila nyongeza wakiamini ndugu zao watapata kazi ya kudumu. Waliweka sehemu yao ya mkataba mezani. Kwa hivyo tangazo lijalo likitoka, kabla ya kutuma hiyo linki kwa grupu, soma ukurasa wa mwajiri kwanza. Kama ameulizwa tu ataandika wangapi, na hajaulizwa watakuwa wangapi mwaka ukiisha, basi hiyo ni asilimia 10 ile ile ya babu zetu.